Idhaa ya Dola ni Mdai, si Shahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, akina mama wa darsa wameniletea swali ambalo si la tohara wala la mirathi, lakini nimeona ni la dini vilevile. Wameuliza: Je, yafaa nchi yetu kuziruhusu redio na televisheni zinazomilikiwa na serikali za kigeni, hali ya kuwa baadhi ya serikali hizo huwafunga waandishi wa habari katika nchi zao wenyewe? Miongoni mwao wako waliosema zifungwe zote, kwani hulisha watoto wetu maneno ya wakubwa wa mbali. Na wako waliosema ziachwe, kwani huonyesha yale ambayo wengine huyaficha. Kila upande una hoja, na swali kama hili halifai kujibiwa kwa mkato.

Kwanza tuelewe kuwa wageni hawa hawako mlangoni wakibisha hodi. Wamekwisha kuketi ukumbini zamani. BBC ya Uingereza hutangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1957. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1962, na Sauti ya Ujerumani, Deutsche Welle, mwaka 1963. Redio ya Kimataifa ya China ilipata masafa yake ya FM mjini Nairobi mwaka 2006, na televisheni ya dola hiyo ikafungua makao yake ya Afrika papo hapo Nairobi mwaka 2012. Tehran nayo ina idhaa ya Kiswahili, na TRT ya Uturuki ilianza kutuhudumia kwa lugha yetu mwaka 2023. Ongeza Al Jazeera, iliyoanzishwa mwaka 1996 mjini Doha kwa fedha za dola ya Qatar, ambayo nyumba nyingi za Waislamu wa Pwani huifungua kila kunapozuka msiba huko Palestina.

Kwa hivyo, swali la kweli si waingie au wasiingie. Swali ni: wakae kwetu kwa masharti gani, na tuwasikilize vipi?

Wazee wetu walisema sikio halilali na njaa. Mtu akinyimwa habari nyumbani ataitafuta nje, na atakayemlisha ndiye atakayemlea. Historia ya pwani hii yathibitisha hayo. Mwaka 1954, wakati Waingereza wakitawala Kenya kwa sheria za hali ya hatari, Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zake walikuwamo vijana wa Kizanzibari. Watu walikusanyika barazani kusikiliza lugha yao ikisema waziwazi kwamba ukoloni ni dhuluma. Redio za hapa nyumbani zilikuwa mkononi mwa serikali ya kikoloni, nazo hazikuwa na ruhusa ya kutamka neno hilo.

Je, Cairo ilisema kweli? Kuhusu Waingereza, mengi iliyoyasema yalikuwa kweli. Mfano uko hapa hapa Pwani. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, Tana River, mahabusu 11 waliokataa kazi ya shokoa walipigwa hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua majeraha ya kipigo. Lau tungeachiwa sauti ya serikali peke yake, yamkini hadi leo tungeambiwa kwamba ni maji yaliyowaua.

Lakini tuigeuze sarafu. Serikali ile ile ya Misri iliyotuhubiria uhuru, katika mwaka huo huo wa 1954, iliwajaza wapinzani wake magerezani, wakiwamo maelfu ya Waislamu waliotofautiana na watawala. Mwaka 1960 ilitunga sheria iliyoyatwaa magazeti na kuyaweka chini ya chama kimoja cha siasa. Mwaka 1966 ilimnyonga Sayyid Qutb. Msikilizaji wa Mombasa au Lamu aliyetaka kujua hali ya jela za Misri asingeipata habari hiyo kwa Sauti ya Cairo. Redio ile ilikuwa na macho makali ya kutazama nyumba ya jirani, na kipofu wa nyumba yake.

Hili ndilo jambo ninaloomba msomaji alishike, kwani halihusu Misri peke yake, wala zama zile tu. Mwezi Februari 2016, Rais Xi Jinping wa China alivitembelea vyombo vikuu vya habari vya dola yake, na akavitaka vilibebe jina la ukoo la chama kinachotawala. Neno hilo ni zito, na sisi watu wa nasaba twalielewa upesi. Mwenye kubeba jina la ukoo hatarajiwi kuuaibisha ukoo hadharani.

Sasa tutazame fiqhi yetu inasemaje. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani hii, wameeleza katika milango ya ushahidi kwamba ushahidi hurudishwa ukiwa na tuhuma. Ushahidi wa mzazi wa kumtetea mwanawe haukubaliwi, ilhali ushahidi wake dhidi ya mwanawe hukubaliwa. Mtu hashuhudii jambo ambalo litamletea yeye mwenyewe manufaa. Wala adui hashuhudii dhidi ya adui yake wa kidunia. Nasaba, manufaa na uadui: hizi ni sababu tatu za kutilia shaka ulimi wa mtu, hata kama mtu huyo anasali safu ya kwanza.

Ipime idhaa ya dola kwa mizani hiyo. Inapoitetea serikali yake, ni mzazi na mwana. Inapozungumzia biashara na mikopo ya nchi yake, ina manufaa. Inaposimulia habari za dola iliyo hasimu yake, ni adui juu ya adui. Kwa hiyo, katika mambo hayo matatu si shahidi. Basi ni nani? Ni mdai. Ni mtu aliyekuja mbele ya kadhi na dai lake.

Na mdai ana haki zake. Kadhi hamfukuzi mlangoni kwa sababu hampendi. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) kwenda Yemen kuhukumu, alimuusia asitoe hukumu kwa wa kwanza mpaka amsikie na wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Lakini mdai naye hapewi hukumu kwa kauli yake tupu. Huambiwa alete bayana. Anayemfukuza mdai amedhulumu, na anayemhukumia kwa neno lake peke yake amedhulumu pia. Haki imo katikati: asikilizwe, kisha apimwe.

Wapokezi wa hadithi nao walitutangulia katika njia hii. Hawakumtupa kila mpokezi aliyekuwa na mrengo. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Imran bin Hittan, aliyehesabiwa katika Makhawariji. Lakini wanavyuoni walitahadhari na riwaya ambayo mwenye mrengo aliileta kuupa nguvu mrengo wake. Na katika kisa mashuhuri cha Abu Hurayra (R.A.) alipokuwa akiilinda zaka ya Ramadhani, yule mwizi aliyemfundisha fadhila za Ayatul Kursi alibainika kuwa ni shetani, na Mtume (S.A.W.) akaeleza kuwa safari hiyo amesema kweli ingawa ni mwongo. Ukweli haukukataliwa kwa sababu ya kinywa kilioutoa, wala kinywa hakikusafishwa kwa sababu ya ukweli mmoja.

Kuna atakayesema: mbona mataifa makubwa yamezifunga idhaa hizi? Ni kweli. Mwezi Februari 2021, mamlaka ya utangazaji ya Uingereza iliifutia leseni televisheni ya CGTN ya China, kwa kuwa kampuni iliyokuwa na leseni haikuwa na usemi juu ya matangazo, na sheria yao hairuhusu leseni kushikwa na chombo cha siasa. Baada ya siku chache China ikaizuia BBC World News. Mwezi Machi 2022, baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku RT na Sputnik. Nayo Urusi, mwaka 2024, ikavizuia vyombo 81 vya Ulaya. Mwezi Mei 2024 Israeli ilizifunga ofisi za Al Jazeera, na mwezi Januari 2025 hata Mamlaka ya Palestina yenyewe ikaisimamisha kituo hicho katika Ukingo wa Magharibi. Jirani zetu nao hawakubaki nyuma. Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC ya Kinyarwanda mwaka 2014. Burundi ilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaifutia BBC leseni.

Angalieni mlolongo huo. Kila mfungaji alisema anawalinda watu wake dhidi ya uongo. Wengine walikuwa na hoja nzito, kwani propaganda ya vita si mchezo, na damu humwagika kwayo. Wengine waliogopa ukweli tu. Neno lililotumika ni moja, nia ni mbalimbali, na msikilizaji wa kawaida hana njia ya kuzitofautisha nia hizo maadamu yule aliyefungiwa hasikiki tena. Mrundi aliyebakiwa na sauti ya serikali yake peke yake hakulindwa, alipunguziwa mashahidi.

Nasi Wakenya tusijidanganye kwamba ufunguo wa kufungia wageni utabaki kwa wageni. Tarehe 30 Januari 2018, Citizen, NTV na KTN, vituo vya Wakenya, vilizimwa kwa sababu ya shughuli moja ya kisiasa katika bustani ya Uhuru, na vikaendelea kuwa gizani kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru virejeshwe. Tarehe 25 Juni 2025, mamlaka ya mawasiliano iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na baadhi vikakatiwa mitambo, mpaka mahakama ikaingilia kati. Mkono uliozoea kuzima redio ya jirani haukawii kuizima ya nyumbani.

Wengine huniambia: Sheikh, wao wametufungia, kwa nini sisi tuwafungulie? Jibu liko katika Suratul Maida, aya ya 8, ambapo Mwenyezi Mungu anatukataza kuichukia kaumu kukatupeleka katika kuacha uadilifu. Na zaidi ya hayo, mimi nikiifunga redio ya dola fulani, aliyeadhibiwa si mfalme wake wala rais wake. Aliyeadhibiwa ni msikilizaji wangu.

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba waruhusiwe, lakini si kiholela. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mwenyeji kupona, naona yahitajika masharti matatu.

Sharti la kwanza ni jina. Kila idhaa itangaze wazi ni mali ya nani na yalipiwa na nani, na kila habari inayopewa bure vituo vyetu vya ndani itajwe ilikotoka. Hatari kubwa kuliko zote si kituo chenye nembo ya dola, kwani hicho chajulikana. Hatari ni ile taarifa ya dola inayosomwa na mtangazaji tumpendaye, katika kituo chetu, kana kwamba ni habari aliyoichuma mwenyewe. Hapo mdai amevaa joho la shahidi.

Sharti la pili ni sheria moja kwa wote. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 33, haiupi ulinzi uchochezi wa vita, uchochezi wa fujo wala maneno ya chuki. Mstari huo watosha, na uwe huo huo kwa mgeni na mwenyeji, nayo mahakama iamue kwa ushahidi, si waziri kwa simu. Tukumbuke kwamba redio iliyochochea mauaji ya Rwanda mwaka 1994 haikuwa ya kigeni. Ilikuwa ya Wanyarwanda wenyewe, katika lugha ya mama.

Sharti la tatu ni kwamba mgeni asimmeze mwenyeji. Kifungu cha 34 chataka vyombo vya habari vya dola yetu viwe huru katika kuamua maudhui, visipendelee, na vitoe nafasi kwa rai zinazotofautiana. Hilo likitekelezwa kikweli, nusu ya hofu yetu ya wageni itaondoka, kwa sababu sikio lililoshiba nyumbani haliombi kwa jirani. Nani asiyejua kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini? Mwezi Machi 2025 serikali ya Marekani iliamua kuipunguza Sauti ya Amerika. Wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani, na matangazo ya lugha nyingi yakakatika. Hakuna msikilizaji wa Afrika aliyeulizwa. Ndiyo maana Pwani FM, Radio Rahma na vituo vidogo vya jamii vyahitaji msaada wetu wa kweli: matangazo ya biashara zetu, mchango wetu, na masikio yetu.

Nimalizie na nyumba, kwa sababu serikali ikishaweka masharti yote, rimoti bado iko mkononi mwa mama na watoto.

Chukueni mambo matatu yanayotugusa moyo. La kwanza ni ndugu zetu wa Gaza. La pili ni ndugu zetu Wauyghur wa Xinjiang, ambao ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Agosti 2022, ilisema huenda waliyotendewa ni jinai dhidi ya ubinadamu. La tatu ni mabinti zetu wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Nyumba inayofungua kituo kimoja tu itayalilia baadhi ya machozi haya na kuyasahau mengine. Televisheni ya dola ya China itakuonyesha Xinjiang ya ngoma na matunda. Idhaa za madola yanayoipa Israeli silaha zahitaji kusikilizwa kwa tahadhari zinapoeleza nani aliyemuua nani huko Gaza. Na mama anayetaka kumpeleka bintiye Ghuba asitosheke na habari za vyombo vya dola za huko. Mwezi Mei 2021 kijana Mkenya, mlinzi wa kazi huko Qatar, alizuiliwa kwa sababu ya kuandika kuhusu hali ya wafanyakazi wahamiaji. Mama amuulize aliyekwenda akarudi, asome mkataba, na awasikilize wale wasio na mshahara kutoka kwa mwajiri huyo.

Machozi ya Muislamu yasichaguliwe na mwenye mtambo. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuhakikisha tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri hiyo haikuwahusu makadhi peke yao.

Basi katika kila nyumba, habari nzito ikitoka, wazazi na watoto waulizane maswali manne. Anayesema ni nani, na nani anamlisha? Katika habari hii, ni jamaa, ana manufaa, au ni adui? Upande wa pili umesema nini, na tumeusikia kwa kinywa chake au kwa kinywa cha hasimu wake? Na bayana iko wapi: picha hii ni ya lini, ya mahali gani, na nani mwingine ameiona? Kipande cha video kilichokatwa nembo na kurushwa katika kundi la WhatsApp kisisambazwe mpaka maswali hayo yajibiwe. Mtoto wa miaka kumi aweza kufunzwa haya, na akiyajua atakuwa na kinga ambayo hakuna marufuku ya serikali iwezayo kumpa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wasimamizi wa uadilifu, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, na atuepushe na kubeba dhima ya watu kwa habari tusizozihakiki. Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.